Shangazi, mwanangu anasema tarumbeta la babu yake halimwitikii

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba Kiboriloni. Nimesoma majibu yako kwa watu wengine kwa muda mrefu, sikufikiri kuna siku na mimi nitakuandikia. Wengine wataliona jambo lenyewe dogo, ila mimi limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Krismasi tulipanda Machame kwa baba mkwe. Mzee ana miaka 74. Tangu ujana wake alipiga tarumbeta kwenye kikundi cha usharika, hadi meno ya mbele yalipoanza kung'oka. Tarumbeta likakaa juu ya kabati miaka mingi, limefungwa kwenye khanga. Siku ya kuondoka akalishusha, akamwita binti yangu wa pili, mwenye miaka 11, yuko darasa la tano, akamwambia, "Wewe ndiye utakayelipuliza." Kwa nini yeye na si kaka yake, sijui. Bibi yake alipiga vigelegele. Usiku ule mtoto alilala nalo.

Tuliporudi mjini tukamwandikisha kwenye kikundi cha matarumbeta cha watoto pale kanisani kwetu. Wanafundishwa Jumamosi asubuhi, mchango ni elfu kumi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza alikuwa anafika kabla ya mwalimu. Mwezi wa pili akaanza kuchelewa. Sasa ni Mei, wenzake wanapiga nyimbo mbili tatu, yeye hata ngazi ya do hadi do hajaimaliza. Anapanda do, re, mi, halafu panapotakiwa fa inatoka mi tena, na akienda juu zaidi unatoka mlio usioeleweka. Kila siku palepale. Mimi naimba sauti ya pili kwaya ya akina mama, solfa naijua, kwa hiyo nasikia kabisa kwamba anakosea. Kaka yake wa miaka 14 anajifunza kinanda kwa kutazama kwenye simu. Yeye anamwambia, "Hata hiyo do yako si do," anabonyeza do ya kinanda kumwonyesha, na kweli hazifanani. Mtoto ananyamaza.

Mwalimu wao, ni kijana tu, aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba pengine binti hana sikio la muziki, tumtafutie kitu kingine.

Nilichofanya nakueleza bila kuficha. Niliamua kwamba ni uvivu. Nikampangia saa nzima ya mazoezi kila siku baada ya twisheni, kuanzia saa mbili usiku. Yeye chumbani, mimi jikoni nasikiliza. Akinyamaza namwita, "Sikusikii!" Tunakaa nyumba ya kupanga, tuko wapangaji wanne uani, na mama wa chumba cha pili ana mtoto mchanga. Ameshalalamika mara mbili. Baba watoto ni dereva wa lori, akirudi anauliza tu tunalipia nini. Na baba mkwe kila Jumapili akipiga simu swali la kwanza ni, "Mjukuu wangu amefika wapi?" Namjibu anaendelea vizuri. Namdanganya mzee wa watu.

Wiki iliyopita kile kidomo cha kupulizia kikapotea. Tulikitafuta siku tatu. Siku ya nne nachota unga wa ugali kwenye ndoo, mkono ukakigusa chini kabisa. Alikuwa amekificha. Nikamchapa, Shangazi. Nikamwambia hana shukrani, kwamba babu yake angempa mtu mwingine lingekuwa limeshapigwa. Hakulia. Alisema, "Mama, haliniitikii. Nalipuliza haliniitikii. Kile cha katikati kikizama hakirudi mpaka nikivute kwa kucha." Nikamwambia aache visingizio. Tangu siku hiyo tarumbeta liko chini ya kitanda na mtoto haniangalii usoni.

Nimruhusu aache? Nikimruhusu, mzee nitamwambia nini? Na nikimlazimisha, naogopa nitampoteza mtoto kwa ajili ya tarumbeta.

Mama wa Pasua, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole. Jambo lako si dogo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimesimama palepale: "Kile cha katikati kikizama hakirudi mpaka nikivute kwa kucha." Mtoto wa miaka 11 ameyasema hayo akiwa ametoka kuchapwa, na jibu la barua yako yote limo humo. Sioni uvivu hapa wala upungufu wa sikio. Ninachoona ni tarumbeta bovu.

Solfa unaijua, basi nifuate taratibu uone mwenyewe. Tarumbeta ni bomba la karibu mita moja na nusu, limekunjwa ili lishikike mkononi. Vile vitufe vitatu vinairefusha njia ya hewa. Ukibonyeza, pistoni, yaani kile kipande cha duara kilicho chini ya kitufe, inashuka, hewa inapitia kibomba cha ziada, na sauti inateremka. Kitufe cha katikati kinateremsha nusu sauti, cha kwanza sauti moja nzima, cha tatu sauti moja na nusu. Sasa panda ngazi pamoja na binti yako. Do, habonyezi kitu. Re, anabonyeza cha kwanza na cha tatu. Mi, cha kwanza na cha katikati. Hapo ndipo kitufe cha katikati kinaguswa kwa mara ya kwanza. Kisha inakuja fa, na fa inataka kitufe cha kwanza peke yake. Mtoto anainua kidole cha katikati kama alivyofundishwa, lakini pistoni imebaki chini. Yeye amebonyeza kimoja, tarumbeta linahesabu viwili. Mi inatoka tena. Akienda so, ambayo haibonyezwi kitu, inatoka imeteremka nusu sauti, na huo ndio mlio usioeleweka unaousikia ukiwa jikoni.

Kwa hiyo tangu Januari mtoto huyu amekuwa akifanya sawasawa na kuambiwa anakosea. Ameambiwa na mwalimu, na kaka yake, na wewe. Anasikia kwamba sauti siyo, anatazama vidole vyake anaona viko mahali pake, na hana mtu wa kumwamini. Mtoto asiye na sikio asingejua kwamba tarumbeta halimwitikii. Angepuliza tu.

Sikulaumu, mwanangu, maana na mimi nimelifanya kosa hilohilo. Nilifundisha watoto kinanda na gitaa kule Arusha, Sakina, kwa miaka 18. Kuna binti mmoja alikuwa anakuja na gitaa la nyumbani kwao, hafiki dakika tano kabla ya kulalamika vidole vinamuuma. Nilimwita mdeko mbele ya wenzake. Siku moja waya ukakatika, nikalichukua gitaa lake nimfungie mwingine, nikajaribu kubonyeza. Shingo ya gitaa ilikuwa imepinda, nyaya zimekaa juu mno, hata mimi mtu mzima nilishindwa kuzishusha vizuri. Miezi mingapi nilimwacha aumie! Tangu siku ile, mtoto yeyote aliyenijia anakwama, nilianza kwa kulichukua chombo chake mikononi mwangu kabla ya kusema neno.

Nawe fanya hivyo leo. Livute chini ya kitanda, usilipulize. Bonyeza kitufe cha kwanza mara kumi, ukikiachia kinaruka juu chenyewe. Cha tatu vilevile. Kisha bonyeza cha katikati. Kama kinasita, kama kinapanda polepole, kama kinabaki chini, umepata ushahidi. Na ukifanya hivyo mwite binti yako aone, maana ni haki yake kuona.

Tarumbeta lililokaa miaka kwenye khanga juu ya kabati halina ajabu likiwa hivyo. Mafuta ya pistoni hukauka, mate ya zamani na vumbi hugandamana, shaba huota kutu ya kijani. Mara nyingi halihitaji zaidi ya kusafishwa. Andaa beseni la maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto kwa sababu huharibu rangi ya juu, weka sabuni ya maji kidogo ya kuoshea vyombo. Kila pistoni imeandikwa namba yake, 1, 2 au 3, na kila moja ina shimo lake. Fungua moja, itoe, ifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, irudishe, ndipo ufungue nyingine. Ukizichanganya hewa haitapita kabisa, na mtaogopa kwamba mmeliua. Unaporudisha, izungushe taratibu mpaka uisikie imekamata. Ukitaka kuuloweka mwili wa tarumbeta, hapo zitoe pistoni zote tatu uzipange kwa namba zake, usizitupe beseni pamoja nao.

Halafu mafuta. Vitufe vinataka mafuta mepesi ya tarumbeta, yale ya kichupa, mwulize mwalimu wenu anayapata wapi. Usiweke mafuta ya kula hata tone, yanaganda na utarudi ulikotoka. Mafuta ya mgando pia yasiguse pistoni. Yanafaa kwenye zile bomba za kuvuta tu, ambazo bila shaka nazo zimeshikana. Zikigoma usizing'ang'anie kwa koleo. Na kile kidomo kilichotoka kwenye ndoo kioshe vizuri kabisa ndani ya kile kitundu chembamba, maana unga uliolowa mate unakuwa gundi.

Baada ya hapo kitufe kikiendelea kubaki chini, basi ama springi imechoka au ile nyumba ya pistoni imebonyea mahali. Hiyo si kazi ya kujaribu nyumbani, wala ya fundi wa rejeta. Kwenye bendi kongwe za sharika za Moshi na Machame hawakosekani wazee wanaozitengeneza hizi, na baba mkwe wako atakuwa anawajua kwa majina.

Sasa mzee mwenyewe, kwa sababu naona unamwogopa, na mimi naona ndiye msaada wako mkubwa. Mwambie ukweli. Mpigie wewe, usisubiri Jumapili, umwambie, "Baba, shikamoo. Nilikuwa nakwambia mtoto anaendelea vizuri, sikusema kweli. Kitufe cha katikati kinazama hakirudi, na sisi tumemlaumu mtoto." Mtu aliyelipiga tarumbeta lile maisha yake yote anakijua kitufe kile kuliko mtu yeyote duniani. Sitashangaa akikujibu kwamba hata yeye kilikuwa kinamsumbua. Likizo ya Juni imekaribia, mpandishe mtoto Machame na tarumbeta lake, wakae na babu yake kihambani, pale kwenye migomba ya nyumbani, walisafishe pamoja. Mzee hawezi tena kupuliza, meno hayapo, na kwa mpigaji wa tarumbeta hiyo ni kama kunyang'anywa sauti. Lakini mikono anayo na masikio anayo. Mwombe amsimulie mjukuu jinsi mwaka wake wa kwanza ulivyokuwa, alivyofukuzwa na mama yake akapulizie migombani, maana wote waliojifunza tarumbeta walifukuzwa mahali. Mtoto wako anamjua babu aliyekwisha kuwa mpigaji. Hajawahi kukutana na babu aliyekuwa anakosea.

Usione pia kwamba mzee anang'ang'ania kitu cha bure. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na utamaduni wa vikundi vya matarumbeta vya kanisani ulitoka kwao Ujerumani, lakini siku nyingi umekuwa wetu. Huku kwetu watu wameozwa kwa matarumbeta na wamezikwa kwa matarumbeta. Alipomkabidhi binti yako lile, alimpa mahali pa kusimama mbele ya ukoo. Ni heshima, na ni mzigo pia kwa mabega ya miaka 11. Ndiyo maana swali la "amefika wapi" kila Jumapili linamlemea. Mwombe mzee alibadilishe kidogo. Badala ya kuuliza amefika wapi, amwombe ampigie sauti moja tu kwenye simu, do moja ndefu, amsikilize.

Nije kwa kaka mtu na kinanda chake. Alichosikia ni kweli, ila amekielewa vibaya, na wewe una elimu ya kumweleza. Mwalimu wa kwaya yenu akianzisha wimbo anasema "do ni G" au "do ni F", si ndiyo? Do ya solfa inahama. Matarumbeta mengi ya bendi ni ya B flati, yaani mtoto akipiga do yake bila kubonyeza kitu, inayosikika kwenye kinanda ni B flati, ile nyeusi iliyo sauti moja chini ya C. Hajakosea. Kaka yake alikuwa anabonyeza C na kumcheka. Vinanda vingi vina kitufe cha kuhamisha sauti, kinaandikwa transpose. Akishushe hadi kisomeke -2, kisha wote wawili wapige do. Zitakutana. Nakusihi umpe huyo kijana kazi hiyo aifanye mwenyewe, na asiambiwe "umemwonea mdogo wako" mbele ya watu. Zikishakutana do mbili hizo atajua mwenyewe la kusema, na utakuwa umepata watu wawili wa kupiga pamoja ndani ya nyumba moja.

Sasa linalonikaa rohoni zaidi ya yote. Umwombe radhi mwanao.

Najua si desturi yetu mzazi kumwomba mtoto radhi. Mimi mwenyewe sikumbuki mama yangu akiniomba. Lakini binti huyu alikwambia ukweli, ukamwita mwongo, na juu yake fimbo. Kukificha kidomo kwenye unga hakukuwa utovu wa shukrani. Alikuwa amechoka kushindwa kila usiku saa mbili huku nyumba nzima inasikia, na akaona njia moja tu ya kuusimamisha usiku ule. Kaa naye mahali mko wawili, mwambie kwa maneno machache, "Uliniambia kitufe hakirudi, sikukusikiliza. Nimekiangalia, ni kweli. Nisamehe kwa kukuchapa." Usiongeze "lakini na wewe ungesema mapema." Alisema. Na fimbo kwa ajili ya muziki isirudi tena katika nyumba hiyo, hata tarumbeta likiwa zima kama jipya.

Tarumbeta likishapona, ile saa nzima ifute. Midomo ya mtoto ni misuli, na anayeanza ikimchoka hawezi kutoa sauti safi hata akitaka. Atakachofanya ni kukikandamiza kidomo mdomoni kwa nguvu ili sauti itoke, na akizoea hivyo ni kazi kumwachisha. Mtazame akimaliza. Ukiona alama nyekundu ya duara mdomoni imekaa sana, amekandamiza mno. Dakika kumi zinatosha, apumzike, apige kumi nyingine kama ana hamu. Apumzike kwa muda uleule aliopiga. Na afanye mapema, saa kumi na moja na nusu jioni hivi, kabla uchovu wa shule na twisheni haujamlaza. Siku ambayo ratiba imebana, dakika tano za kutetemesha midomo kwenye kidomo peke yake, bila tarumbeta, ni mazoezi halali na mtoto mchanga wa chumba cha pili hataamka. Akipiga lenyewe, aelekeze ule mdomo mpana kwenye nguo zilizotundikwa, zinameza sauti nyingi, na wewe nguo hukosi.

Kwa majirani nenda mwenyewe na uso mkunjufu. Waambie muda wa mazoezi, waambie umepunguza, mwombe radhi mama mwenye kichanga kwa zile saa mbili usiku. Watu huvumilia kelele wanayojua itaisha saa ngapi.

Halafu wewe utoke jikoni. Hili nalitilia mkazo kuliko kusafisha pistoni. Ukiwa jikoni unaita "sikusikii!", wewe ni msimamizi wa kibarua. Ukikaa pale kitandani na kikombe chako cha chai, wewe ni msikilizaji, na kila mpigaji anahitaji angalau mmoja. Usifundishe. Usimrekebishe, hata kama sikio lako la sauti ya pili linawasha. Mwambie ulichosikia kikiwa kizuri, kwa jina lake: "Ile re ya mwisho ilikuwa ndefu, haikutetemeka." Hiyo inamsaidia kuliko "hongera" kumi. Ukitaka kumpa kitu, mwimbie. Imba do, re, mi, fa taratibu, yeye akufuate kwa tarumbeta. Kwaya imekupa kipaji ambacho wazazi wengi waliokuwa wananiletea watoto wangekitamani.

Siku moja mwombe na wewe akufundishe. Kulikuwa na mwalimu wa fidla kule Japani, Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998. Katika njia yake mzazi hukaa darasani na mtoto, na mara nyingi mzazi mwenyewe hujifunza kupiga kitu kidogo kwanza. Alisema watoto hujifunza muziki kama wanavyojifunza lugha ya mama, kwa kusikia kila siku na kutiwa moyo na walio karibu. Huna haja ya kununua tarumbeta la pili. Pokea lile la binti yako, upulize. Hutatoa sauti yoyote siku ya kwanza ila upepo. Mwache akuonyeshe midomo inavyobanwa. Utaona uso wake utakavyokuwa, na utaelewa kwa midomo yako mwenyewe alichokuwa anakifanya chumbani peke yake.

Mwalimu wake mwendee Jumamosi kabla watoto hawajafika, umpe tarumbeta abonyeze kile kitufe kwa kidole chake. Ana watoto wengi na muda mfupi, hajakusudia ubaya. Ila mwombe jambo moja waziwazi: yale maneno ya "hana sikio" ayafute mbele ya mtoto, maana kama mtoto ameyasikia, na watoto husikia, atayabeba hadi uzeeni. Nimekutana na watu wazima wanaofungua mdomo tu kanisani bila kutoa sauti kwa sababu mtu fulani aliwaambia hivyo wakiwa darasa la tatu.

Baba yao naye akirudi safari, usimjibu kwa maneno swali lake la "tunalipia nini". Mpe kiti, asikilize dakika kumi.

Umeniuliza umruhusu aache. Sasa hivi usimwulize swali hilo, wala usilijibu, kwa kuwa mtoto hajawahi kupiga tarumbeta zima hata siku moja. Hajui kama analipenda au halipendi. Lipone kwanza, aende Machame Juni, arudi kwenye kikundi, apige mpaka mwisho wa Agosti hivi. Halafu mwulize mkiwa mmetulia, na uwe tayari kupokea jibu lolote. Akisema anaendelea, Krismasi ijayo mzee atalisikia nyumbani kwake. Akisema hapana, basi mpande naye Machame, alirudishe mwenyewe kwa mikono miwili, limesafishwa, vitufe vyote vinaruka, amwambie babu yake asante. Pengine atataka ngoma, pengine kinanda, pengine kuimba karibu na wewe kwenye benchi la kwaya. Mzee atasikitika kidogo, ila hatakuwa amedanganywa, na mjukuu wake ataendelea kupanda kwake bila kujificha.

Niandikie baada ya likizo. Nataka kujua kama fa imetoka.

Shangazi